Tumepewa kona ya msitu Menengai imejaa lantana, tuanze na nini?

Swali: Habari mwalimu. Sisi ni kikundi cha majirani huku Milimani, Nakuru, wengi ni vijana na akina mama wa mtaani. Ofisi ya msitu imetukubalia tuangalie kona moja ya msitu wa Menengai, kama ekari mbili hivi, lantana imejaa mpaka huwezi pita. Tumepanda miti huko mara mbili, zote mwezi wa Novemba, na karibu yote imekauka. Sasa kuna mfadhili anataka kutupatia miche elfu mbili ya mukima (grevilea) na blugam (mkaratusi) mvua ikianza, lakini wengine kwa kikundi wanasema tufungue nasari yetu ya miti ya kienyeji. Pesa hatuna, tuko na Jumamosi zetu tu. Tuanze wapi, tupande gani, na kweli nasari ya kienyeji inawezekana kwa watu kama sisi?

Jibu: Dadangu, inawezekana kabisa, na hizo Jumamosi zenu zinatosha. Ombi langu moja tu, nasari isiwe kitu ya kwanza. Kitu ya kwanza ni mjue hiyo kona bado inaweza kujirudishia nini yenyewe, halafu nasari ioteshe kile kimepotea na hakiwezi kurudi bila nyinyi. Mkienda hivyo mtahitaji miche kidogo kuliko mnavyofikiria, na itashika.

Wacha nianze na hiyo iliyokauka, kwa sababu hayo mengine yote yanatoka hapo. Menengai ni volkano, na udongo wenu ni majivu na yale mawe mepesi ya pumisi yenye ukiyatupa kwa maji yanaelea. Unamwaga ndoo nzima na baada ya dakika chache huoni alama. Nakuru mvua yetu kubwa inaanza mwisho wa Machi ama Aprili, inaenda mpaka Mei, halafu inarudi tena Julai na Agosti. Ile ya Novemba mara nyingi ni fupi, ikikatika mnaingia Desemba, Januari, Februari, jua na upepo, na mche uliwekwa ardhini Novemba haujapata muda wa kushusha mizizi mahali kuna unyevu. Najua kwa nini mlichagua Novemba, serikali ilitangaza likizo ya kupanda miti 13 Novemba 2023 na tangu hapo watu wengi wameushika huo mwezi kwa hii mipango ya miti bilioni 15 kufikia 2032, na mimi nilifurahi sana kuona watu wametoka na majembe, lakini kwa mteremko wa majivu kama wenu tarehe inapangwa na udongo. Pandeni Aprili, na sio siku mvua ya kwanza imenyesha, ngojeni mpaka ukichimba futi moja upate bado kumelowa.

Sasa kabla hamjanunua hata tyubu moja ya plastiki ya kuoteshea miche, chukueni Jumamosi kadhaa mtembee hiyo kona polepole, mwende na mzee ama mama anajua miti kwa lugha ya nyumbani. Hapo Nakuru tumebarikiwa, kwa kikundi kimoja unapata Mkikuyu, Mkalenjin na Mmaasai, na wakisimama mbele ya mti mmoja hamtapotea: huyu atasema mukawa, huyu legetetwet, huyu olamuriaki, na wote wanaonyesha kile kichaka cha miiba chenye matunda meusi matamu. Andikeni majina yote kwa daftari. Mtakutana na leleshwa, kile kichaka cha kijivu chenye harufu ya kafuri, karibu kila mahali. Mtakutana na muthigiu, na Dodonaea ile Wakikuyu wanaita murema-muthua, na mukiwa na bahati mutamaiyu (mzeituni wa mwituni) mmoja ama wawili wazee ambao mkaa haukuwamaliza. Kila mmea wa kienyeji mnaoupata katikati ya lantana ufungeni kitambaa cha rangi, ndio siku ya kazi kijana mwenye nguvu asipite nao na panga. Hii ya kitambaa msiidharau. Nimeona vikundi vikifyeka leleshwa na mukawa pamoja na lantana asubuhi, halafu mchana wanapanda miche ya kununua mahali palepale.

Kuhusu mahali pa kuanzia, kuna akina dada wawili wa Sydney, Australia, Joan na Eileen Bradley, ambao kuanzia miaka ya 1960 walikuwa wanang'oa magugu kwa mkono kwa msitu mdogo karibu na kwao Mosman, kidogo kidogo kila wakitembea. Walichojifunza ndio mpaka leo kinaongoza watu wengi wa kujitolea huko: unaanza pale kichaka bado ni kizima ukielekea pale pameharibika, unasumbua udongo kidogo iwezekanavyo, na haufungui sehemu kubwa kuliko ile mimea ya kienyeji itaweza kujaza. Na adui yao huko ni lantana hii hii yetu, ilitoka Amerika ikasambazwa dunia nzima kama ua la bustani. Adui mwingine ni nyasi ya Kikuyu, hii tunapanda mbele ya nyumba, huko wanajitolea kuing'oa msituni. Na sisi huku tunaletewa mukima na blugam, ambazo kwao ni huko Australia.

Kwa hivyo msianze na pale lantana ni nzito zaidi. Najua ndio inaudhi macho, na picha ya kabla na baada inakuwa nzuri, lakini mkifungua nusu ekari siku moja mvua itabeba hayo majivu, na mbegu za lantana zenye zimelala chini zitaamka zote pamoja, by Agosti mko pale pale tena na mkono umechoka. Anzeni kwa ukingo, pale leleshwa na mukawa bado wamesimama na lantana ni ya hapa na pale, mfungue kipande mnaweza kurudia kila mwezi. Ile ndogo mnaing'oa kwa mkono siku mbili tatu baada ya mvua, inatoka na mzizi wote. Ile kubwa mnakata matawi kwanza na panga, mnabakisha kisiki cha kushika, halafu mnachimba pale shina linakutana na mizizi kwa jembe la meno mpaka lile bonge lote litoke, kwa sababu ukikata tu juu unakuwa umeipogoa, itachipuka mara nne. Hayo mabonge yaning'inizeni kwa matawi, mizizi ikiangalia juu, mpaka yakauke kabisa, yakigusa udongo mvua ikiwa karibu yatashika tena. Matunda yake meusi mkusanye kwa gunia mbali na pale. Na mwambie watu wasiwatupie ng'ombe hayo majani, lantana inaharibu ini na mnyama anaanza kuungua ngozi akiwa kwa jua. Halafu msiimalize yote mwaka wa kwanza, kuna ndege wanalala na kuzaa humo ndani, wapeni muda mpaka mukawa na muthigiu wawe wakubwa wa kuwapokea.

Sasa hapa ndio sehemu naipenda kuliko zote, na ndio watu wengi wanairuka. Wiki kadhaa baada ya kufungua kipande na mvua kunyesha, pigeni magoti mwangalie chini. Mtaona vichipukizi vidogo vya urefu wa kidole, vimejiotea vyenyewe. Kile kina majani mawili mawili yanaangaliana, ukikigusa kinakwaruza kama msasa na ukikisugua kinatoa ile harufu kali, hiyo ni lantana, toa. Kile jani lake limegawanyika vipande vitatu kutoka kwa kikonyo kimoja, hiyo ni muthigiu, ndege amekuletea, acha. Kile cha kijivu, chini ya jani ni cheupe kama kimepakwa unga, na ukisugua unasikia harufu ya kafuri, hiyo ni leleshwa, mbegu yake ina pamba na imekuja na upepo. Kile jani ni jembamba linang'aa na linanata kwa vidole, Dodonaea. Kila mmoja kwa kikundi afundishwe hiyo kabla ya kupewa jembe, hata watoto, watoto ndio wanaijua haraka. Mkihesabu kwa mraba wa hatua moja kwa hatua moja mkapata vichipukizi vya kienyeji vitano sita, hapo hamhitaji kupanda kitu, mnahitaji tu kurudi kutoa lantana changa. Mche umezaliwa mahali pake mizizi yake haijawahi kukunjwa kwa tyubu, na ukame ukija utavumilia kuliko wowote mtakaobeba na wilbaro.

Kwa hivyo nasari ni ya nini? Ni ya ile miti ambayo wazazi wake wameisha. Mutarakwa (mwerezi) alikatwa akawa nguzo za fensi, mutamaiyu akawa mkaa na kuni, na mahali mama hayuko tena mbegu haifiki. Orodha yenu ya kwanza iwe fupi: mutamaiyu, mutarakwa, mukawa kwa ukingo wote, muhuti (ule wa maua mekundu), na mukinduri (kroton) kwa pale chini udongo ni mzito kidogo. Murera, ile migunga ya manjano ya Lake Nakuru, wachaneni nayo hata kama inapendeza, inataka maji ya chini yakiwa karibu, ndio maana unaiona ufukweni na kando ya mito (na hata huko maji yakizidi inakufa, angalia ile misitu mikavu imesimama ndani ya ziwa tangu maji yapande). Na mtu akiwaletea mutere kutoka Kakamega ama siala kutoka Kisumu akisema ni ya kienyeji, mshukuru, lakini apande kwake. Ni miti ya Kenya kweli, sio ya huo mteremko.

Mbegu kusanyeni karibu, hapo hapo Menengai na miteremko ya jirani, baada ya kuongea na foresta, yule afisa wa msitu, na CFA, chama cha jamii kinachotunza msitu, kwa sababu kuchuma kitu chochote ndani ya msitu wa serikali bila ruhusa ni makosa hata ukiwa na nia safi. Msichume kwa mti mmoja wenye matunda mengi mkaridhika, miche yote itakuwa ndugu wa mama mmoja. Tafuteni angalau miti kumi, iliyoachana, na kila mti mchukue kidogo, nyingine ni ya ndege. Kama miti mama kumi haipatikani, KEFRI, taasisi ya utafiti wa misitu ya Kenya, wana mbegu, wako na kituo Londiani na kile kikubwa Muguga, waulizeni zilitoka eneo gani kabla hamjalipa.

Mutamaiyu ndio itawasumbua, kwa hivyo nieleze vizuri. Ngojeni matunda yageuke meusi, mkiona ndege wameanza kuyashambulia ndio wakati. Loweka usiku mmoja, sugua kwa mchanga na maji mpaka nyama yote itoke, ubaki na kokwa safi. Kausha kwa kivuli, usianike juani. Sasa lile ganda ni gumu na ndio linachelewesha, ukipanda hivyo hivyo unaweza kungoja miezi na nyingi zisitoke. Chukua koleo, bana kokwa kwa upande mpaka usikie mlio mdogo wa kupasuka, na usimame hapo hapo. Ukisikia imepondeka umeua, itupe. Akina mama wenye mkono mtulivu wanashinda kila mtu kwa hii kazi, nimewaona wakiketi na beseni wakipiga hadithi na mwisho wa jioni kokwa zimejaa sahani. Loweka tena siku moja mbili, panda kwa kitanda cha mchanga chini ya kivuli, na mzoee kungoja. Mche wa mutamaiyu mtaukaa nao mwaka na zaidi kabla ya kwenda shamba.

Zingine ni rahisi. Mukawa unakamua tunda limeiva, unaosha, unapanda ikiwa mbichi. Mukinduri pia ipandwe ikiwa mpya, ina mafuta mengi na ikikaa kwa kabati inakufa. Muhuti mwagia maji moto, acha yapoe nayo mpaka asubuhi, zilizofura ndizo ziko tayari, hizo zingine rudia. Mbegu za jamii ya migunga ni hivyo hivyo, ila angalieni vitobo vidogo, kuna mdudu anakula ndani na mbegu inabaki ganda. Mutarakwa miti yake kuna ya kiume na ya kike, kwa hivyo msishangae mingine haina matunda, na mbegu nyingi huwa tupu, zinazoelea kwa maji mwageni.

Nasari yenyewe haina maneno mengi. Mahali pa bapa karibu na bomba, neti ya kivuli ama hata nyasi kavu juu ya fito, udongo wa msituni debe tatu, mchanga moja, samadi iliyooza vizuri moja. Kinachoua miche michanga mara nyingi ni maji mengi, inaoza shingoni inaanguka ikiwa kijani, kwa hivyo mwagilieni asubuhi na muache juu pakauke. Mizizi ikitokeza chini ya tyubu ikateni, inueni miche kila wiki mbili tatu, vinginevyo itaingia ardhini hapo nasari na siku ya kubeba mtaivunja. Miezi miwili ya mwisho punguzeni kivuli pole pole na maji pia. Mche umezoea kubembelezwa ukipelekwa Menengai hautamaliza mwezi. Lebo kila kitanda: jina, ilitoka wapi, tarehe. Mwaka wa kwanza miche mia tatu mia nne inatosha kabisa, na Aprili ya kwanza mtapanda mukawa na muhuti, wale wengine watangoja Aprili ya pili.

Siku ya kupanda, tafuteni kivuli cha leleshwa iliyosimama na muweke mche upande wake, sio katikati ya uwazi. Leleshwa itauzuia upepo na jua la saa nane. Shimo futi moja na nusu, udongo wa juu urudi kwanza chini, halafu mtengeneze tuta la nusu duara upande wa chini wa mteremko ndio maji yasimame kidogo kabla ya kupotea. Matandazo, lakini yasiguse shina. Tyubu zote zirudi nyumbani, tangu 5 Juni 2020 plastiki za kutumia mara moja hazitakiwi ndani ya misitu iliyohifadhiwa, na chupa za maji pia ni hivyo.

Halafu kuna moto na mifugo. Mteremko wa Menengai unaungua karibu kila kiangazi na leleshwa ina mafuta, inashika hata ikiwa mbichi. Desemba mkate nyasi kwa ukanda mpana upande wa barabara. Na kama moto utapita, tafadhali msing'oe visiki vya leleshwa vyeusi, vitachipuka vyenyewe mvua ikirudi, mizizi iko hai. Wachungaji waendeeni mapema na mkae chini mwongee, wanajua hiyo kona kuliko nyinyi, mtu aliyeonyeshwa mche uko wapi atazungusha ng'ombe wake wasiukanyage, na kila mche muuzungushie matawi ya miiba mwaka wa kwanza wote.

Hesabu yenu kwa daftari iwe ya miche iliyo hai baada ya kiangazi cha pili. Wangari Maathai alipoanza Green Belt, ule mpango wake wa akina mama kupanda miti, mwaka wa 1977, akina mama walikuja kulipwa kidogo kwa kila mche ulioshika, hakuna aliyelipwa kwa kuchimba shimo, na hiyo ndio ilifanya watu warudi na maji.

Sasa huyo mfadhili. Msimkatalie vibaya, ana moyo mzuri. Mwambieni ukweli kwamba blugam inakunywa maji sana na chini yake hakuna kitu kikubwa kitaota, na kwa kona ya msitu wa kienyeji haina kazi. Mukima ni mti mzuri wa mpaka wa shamba, wa mbao na kuni, kama ameshanunua basi wanakikundi wenye mashamba Bahati ama Njoro wagawane wapande kwa mipaka yao. Pesa iliyobaki awanunulie neti, tangi la maji, majembe ya meno na glavu, vitu vya kudumu, na mumwalike aje apige magoti na nyinyi ile siku ya kuangalia vichipukizi.

Kwa foresta nendeni wiki hii hii kama mnaweza. Kibali cha kukusanya mbegu huchukua muda, na kikitoka matunda ya mutamaiyu yakiwa yameshaliwa na ndege, mtangoja mwaka mwingine mzima.